Gharama ya Sahani: Mwongozo wa Kupika Chakula cha Kushibisha kwa Kipato Kidogo

Mwongozo huu unahusu jiko la kaya ya mjini yenye kipato kidogo, hususan Dar es Salaam na miji mingine ya Tanzania, ambako unga, maharage, mkaa na wakati mwingine hata maji hununuliwa kwa fedha taslimu, tena mara nyingi siku ile ile vinapotumika. Katika mazingira hayo bei inayotajwa na muuzaji ni sehemu tu ya gharama, kwa kuwa maharage ya bei nafuu yanayohitaji saa 3 za moto yanaweza kumgharimu mpishi kuliko choroko za bei ya juu zinazoiva kwa dakika 40, na fungu kubwa la mchicha ambalo nusu yake imekwisha kunyauka halina unafuu wowote. Kipimo kinachopendekezwa hapa ni gharama ya sahani, yaani jumla ya fedha zilizotoka mpaka chakula kikafika mbele ya mlaji, zikiwamo za chakula chenyewe, za nishati ya kupikia, za nauli ya sokoni na za kile kilichoharibika kikatupwa, ikigawanywa kwa idadi ya watu walioshiba. Hesabu hiyo haihitaji kalamu kila siku; mpishi akiifanya mara chache kwa vyakula anavyovipika mara kwa mara, hujua mapema ni kipi kinambana na kipi kinamsaidia.

Kilichomo ndani ya kilo

Shibe hutokana na mambo mawili yanayotofautiana: nishati ambayo mwili huipata hasa kutoka kwenye wanga na mafuta, na uzito wa chakula tumboni, ambao hudumu zaidi chakula kikiwa na protini na nyuzinyuzi. Nishati hupimwa kwa kilokalori, na makadirio yanayotumiwa na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani katika kupanga mgawo ni kilokalori 2,100 kwa mtu mmoja kwa siku. Kilo 1 ya unga wa mahindi au ya mchele ina takribani kilokalori 3,600, ilhali kilo 1 ya mihogo mibichi, ambayo sehemu yake kubwa ni maji na ambayo hupoteza karibu moja ya tano ya uzito wake kwa kumenywa, humpa mlaji kilokalori 1,300 hivi, na viazi vitamu humpa pungufu ya hapo. Maana yake ni kwamba mihogo huwa nafuu kuliko unga pale tu bei ya kilo yake inaposhuka chini ya theluthi ya bei ya kilo ya unga, na viazi vitamu pale bei yake inapokaribia robo. Wakati wa mavuno hali hiyo hutokea, lakini nje ya msimu mnunuzi anayeacha ugali akidhani anabana matumizi kwa kununua viazi huwa analipia maji. Viazi lishe, yaani vile vyenye nyama ya rangi ya chungwa, vina udhuru wao, kwa sababu vina kiini ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, na ugali mweupe hauna kitu hicho hata kidogo.

Kwa upande wa mihogo kuna tahadhari ambayo haipaswi kuachwa kwa ajili ya unafuu. Mihogo michungu ina viini vinavyozalisha sumu ya sianidi, na ikiliwa bila kumenywa, kulowekwa na kukaushwa ipasavyo, tena na mtu asiyepata protini ya kutosha, huweza kuleta konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu, ambao ulielezwa na matabibu nchini Kongo tangu miaka ya 1930 na ambao ulionekana Tarime, mkoani Mara, katika miaka ya 1980. Mihogo mitamu inayouzwa kwa kuchemshwa au kukaangwa haina hatari ya kiwango hicho, lakini muhogo unaochoma ulimi kwa uchungu uachwe, hata kama umetolewa bure.

Katika unga, uchaguzi wa kwanza ni kati ya dona na sembe. Dona ni unga wa punje nzima ya mahindi, pamoja na ganda lake la ndani na kiini, na sembe ni unga wa punje iliyokobolewa, ambayo ganda na kiini vimeondolewa na pamoja navyo sehemu kubwa ya vitamini za kundi B, madini na mafuta. Dona hunywa maji mengi zaidi inaposongwa, hushibisha kwa muda mrefu zaidi, na mahali ambapo kaya hupeleka mahindi yake kwenye mashine ya kusaga, huokoa pia gharama ya kukoboa na uzito wa pumba zinazobaki kwa mwenye mashine. Kasoro yake ni kwamba mafuta yaliyomo kwenye kiini huufanya unga uvunde upesi, kwa hiyo isagwe ya kutumika kwa wiki 2 au 3 tu, na ihifadhiwe mahali pakavu. Mpishi aliyezoea sembe huharibu dona kwa haraka: inatakiwa kwanza unga kidogo ukorogwe kwa maji baridi, umiminwe kwenye maji yanayochemka, uji huo uachwe utokote kwa dakika 5 au zaidi, ndipo unga uliobaki uongezwe kidogo kidogo huku ukisongwa, kisha ufunikwe kwenye moto mdogo mpaka ladha ya ubichi iishe.

Ugali peke yake, hata wa dona, haujitoshelezi. Protini hujengwa kwa vipande vidogo viitwavyo asidi amino, na mahindi yana upungufu wa kimojawapo, lisini, ambacho maharage, kunde na jamaa zake wanacho kwa wingi. Nayo mikunde hiyo ina upungufu ambao nafaka huuziba. Ndiyo sababu makande, mlo unaoitwa githeri nchini Kenya, na ugali kwa maharage ni milo yenye hekima kubwa kuliko heshima inayopewa. Mfano wa mlo mmoja wa watu 5 unatosha kuonyesha jambo hilo: gramu 700 za unga wa dona, gramu 300 za maharage makavu, vijiko 3 vya mezani vya mafuta na mafungu 2 ya mchicha hutoa kwa kila mlaji zaidi kidogo ya kilokalori 750 na takribani gramu 25 za protini, ambayo ni nusu ya mahitaji ya siku nzima ya mtu mzima mwenye uzito wa kilo 60. Hakuna nyama katika hesabu hiyo.

Sokoni na dukani

Bandubandu huisha gogo, na hakuna mahali ambapo methali hiyo huonekana waziwazi kama katika duka la mtaani, ambako mafuta huuzwa kwa kipimo cha kikombe kidogo, sukari kwa robo, na mkaa kwa kopo. Anayenunua namna hiyo hulipa bei kubwa zaidi kwa kila kilo kuliko anayenunua debe au gunia, na hilo halitokani na ujinga wake, bali na ukweli kwamba hana fedha ya kununua kingi kwa mara moja. Kumshauri mtu wa namna hiyo anunue gunia ni kumwambia awe na kipato kingine. Linalowezekana ni kuchagua kitu kimoja tu cha kukinunua kwa wingi kwa wakati mmoja, na mara nyingi kitu hicho kinapaswa kuwa mkaa au maharage, kwa sababu ndivyo ambavyo tofauti ya bei kati ya kopo na gunia huwa kubwa na ndivyo visivyooza. Njia ya pili ni ya majirani 3 au 4 kuchangiana gunia moja na kuligawana siku hiyo hiyo kwa mizani, au kutumia zamu ya upatu, yaani mchezo wa kupeana fedha kwa zamu, kununulia chakula kikavu kabla fedha hiyo haijatawanyika kwenye mambo mengine.

Vipimo vyenyewe vinahitaji jicho. Debe na kisado ni vyombo vya ujazo, wala si vya uzito, na chombo kilichobonyezwa kitako au kilichopimwa bila kujazwa vizuri humnyima mnunuzi sehemu ya haki yake bila bei kubadilika. Anayeweza kununua kwa mizani anunue kwa mizani. Kwa mafungu ya genge, mahali pa kulinganisha si ukubwa wa fungu, bali kile kitakachobaki baada ya kuchambua, na mchicha wenye mashina manene yaliyokomaa huweza kupoteza nusu yake jikoni. Jioni, wauzaji wa nyanya na majani hushusha bei ili wasilale na mzigo, na nyanya zilizolainika ambazo hazifai kwa kachumbari hufaa kabisa kwa kuungia mchuzi, ilimradi hazijaota ukungu.

Msimu nao una nguvu kuliko ujanja wa mnunuzi. Mahindi ya mikoa ya nyanda za juu kusini huvunwa zaidi kati ya Juni na Agosti, na bei zake kwa kawaida huwa chini miezi hiyo na huwa juu kati ya Januari na Machi, kwa hiyo kaya inayoweza kuweka akiba ya madebe mawili matatu huyanunua wakati wa baridi katika soko kubwa la nafaka kama Tandale, na si wakati ambapo kila mtu anayatafuta. Wakati mwingine bei huanguka kwa sababu za mbali kabisa. Agosti 2017, serikali ya India ilipoweka kikomo cha uagizaji wa mbaazi kutoka nje, mbaazi za Lindi, Mtwara na Manyara zilikosa mnunuzi na bei yake ikaporomoka, na wakati wakulima wakihesabu hasara, familia nyingi za mijini ziliendelea kununua maharage kwa mazoea tu, ingawa protini ya mbaazi haitofautiani sana na ya maharage na pwani nzima inajua kuzipika kwa nazi.

Kuna unafuu mmoja ambao unapaswa kukataliwa moja kwa moja, nao ni wa nafaka na karanga zilizoota ukungu. Ukungu huo huweza kuzalisha sumukuvu, sumu inayodhuru ini, ambayo haiondoki kwa kuoshwa, kuchemshwa wala kukaangwa. Nchini Kenya mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 125 katika mkoa wa Mashariki, na Tanzania ilipata mkasa wa aina hiyo mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Mahindi yaliyobadilika rangi, yaliyosinyaa au yenye harufu ya uvundo yasinunuliwe ili kuchanganywa na mazuri, na karanga zilizooza zisisagwe kwa matumaini kwamba ladha itafichika kwenye mboga.

Mikunde na moto

Hapa ndipo fedha nyingi za jikoni hupotea na ndipo zinapoweza kuokolewa. Maharage makavu ambayo hayakulowekwa huchukua saa 2 au zaidi kuiva, na yale yaliyokaa ghalani kwa muda mrefu katika joto na unyevu hugoma kulainika hata baada ya hapo, kwa sababu ganda na kuta za chembe zake zimekwisha kukakamaa. Kwa hiyo mnunuzi amuulize muuzaji kama maharage ni ya msimu huu, na kama hana hakika anunue nusu kilo ya kujaribia kabla ya kununua nyingi. Hatua ya pili haigharimu chochote ila maji: maharage yachambuliwe, yaoshwe na yalowekwe kwa saa 8 hadi 12 katika maji yanayoyafunika vidole vinne juu yake, kisha maji hayo yamwagwe. Kumwaga maji huondoa sehemu ya sukari zinazoleta gesi tumboni, na kuloweka hupunguza muda wa kupika kwa kiasi ambacho mtumiaji wa mkaa hukiona siku hiyo hiyo.

Maji yakishachemka hayawezi kuwa ya moto zaidi kwa kuongezewa moto. Yanachofanya ni kukauka upesi zaidi. Mpishi anayepuliza jiko ili maharage yaive upesi huchoma mkaa kwa ajili ya mvuke. Baada ya kuchemka, moto upunguzwe kwa kuziba mlango wa jiko, sufuria ifunikwe, na maji yanayoongezwa yawe ya moto. Ni vyema pia kujua kwamba katika miji ya mwinuko, mfano Mbeya iliyo takribani mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, na kwa hiyo mpishi wa huko hana kosa lolote maharage yake yanapochelewa kuliko ya ndugu yake wa Tanga. Nyanya, ndimu na ukwaju viongezwe maharage yakishaiva, kwa sababu uchachu huzuia ganda kulainika. Magadi hufanya kinyume, yaani hulainisha upesi, lakini huharibu vitamini B1 na huongeza sodiamu, kwa hiyo yawe msaada wa maharage yaliyogoma na yasigeuzwe desturi ya kila siku.

Njia inayookoa zaidi ni ya kikapu cha kutunza joto, ambacho ni kikapu au boksi lililojazwa blanketi kuukuu, vitambaa, pumba za mpunga au majani makavu ya mgomba, likaachiwa shimo katikati la kutosha sufuria. Maharage yaliyolowekwa huchemshwa kwa nguvu kwa dakika 20 hadi 30, sufuria ikiwa imefunikwa huondolewa motoni na kuzamishwa mara moja kwenye kikapu, hufunikwa kwa mto mzito, na baada ya saa 3 au 4 hurudishwa motoni kwa muda mfupi ili yachemke tena na kuungwa. Dakika hizo za mwanzo hazina mjadala: maharage, hasa mekundu, yana kiini cha sumu kiitwacho lektini ambacho huharibiwa na mchemko mkali wa dakika 10 au zaidi, lakini hakiharibiwi na joto la wastani la kikapu, na mtu aliyekula maharage yaliyotiwa kikapuni kabla ya kuchemka vizuri huweza kutapika na kuharisha ndani ya saa chache. Wali huhitaji mchemko wa dakika 5 hadi 10 tu kabla ya kuingia kikapuni, na huko haufanyi ukoko, jambo ambalo baadhi ya walaji watalihesabu kuwa hasara.

Mwenye sufuria ya presha hupika maharage yaliyolowekwa kwa chini ya dakika 30, na kama nyumba ina umeme na bei ya mkaa iko juu, chombo hicho hulipa gharama yake chenyewe. Asiye nacho achague mikunde kwa muda wake wa kuiva: choroko na dengu zilizopasuliwa huiva upesi hata bila kulowekwa, kunde huchukua muda wa kati, na maharage, mbaazi kavu na njugu mawe huchukua muda mrefu. Kwa mtu anayeishi peke yake katika chumba cha kupanga hesabu hubadilika tena, kwani kuwasha jiko kwa ajili ya sahani moja ya maharage ni ghali kuliko kununua maharage yaliyochemshwa tayari kutoka kwa mama lishe, akaja kuyaunga mwenyewe kwa kitunguu na nyanya. Mama lishe anapika sufuria kubwa kwa moto mmoja, na mnunuzi hulipia sehemu ndogo tu ya moto huo. Hakuna aibu ya kiuchumi katika jambo hilo.

Makande ya watu 6 hupikwa kwa vikombe 3 vya mahindi yaliyokobolewa na kikombe 1 na nusu cha maharage, vyote vikiwa vimelowekwa usiku kucha. Mahindi hutangulia motoni kwa saa moja hivi, kwa sababu huchelewa kuiva, kisha maharage huingia na vyote huendelea pamoja mpaka vilainike, kabla ya kuungwa kwa kitunguu, nyanya na ama mafuta kidogo, ama karanga za kusaga, ama tui. Nazi moja hutosha sufuria nzima ikikamuliwa kwa mpangilio: tui zito la kwanza hutengwa, machicha hutiwa maji ya uvuguvugu na kukamuliwa tena, tui hilo jepesi hutumika kuchemshia, na tui zito huongezwa mwishoni kabisa huku likikorogwa ili lisikatike.

Mboga, kitoweo na mafuta

Majani ya bei ndogo ni mengi kuliko yanayokumbukwa na mnunuzi wa mjini, ambaye mara nyingi huishia kwenye mchicha na kabichi. Matembele, ambayo ni majani ya viazi vitamu, huota upya yakichumwa, na vipande vichache vya shina lake vikipandwa kwenye kiroba cha udongo nyuma ya nyumba huendelea kutoa mboga mwaka mzima kwa maji ya kuoshea vyombo yasiyo na sabuni nyingi. Majani ya kunde na ya maboga nayo yana nafasi yake. Yote haya yaoshwe kabla ya kukatwa, yapikwe kwa dakika chache kwa maji kidogo au bila maji, na maji yake yasimwagwe. Kisamvu, ambacho ndugu wa mashariki ya Kongo hukiita sombe, kina utaratibu wa peke yake, kwani kina sianidi kama muhogo wenyewe: hutwangwa sana ili sumu iachiliwe, huchemshwa bila kufunikwa kwa muda wa kutosha, ndipo huungwa kwa karanga au tui.

Madini ya chuma yaliyomo kwenye majani na maharage hufyonzwa vizuri zaidi mlo ukiwa na vitamini C, kwa hiyo ndimu iliyokamuliwa mezani, kipande cha chungwa au kachumbari ndogo huongeza thamani ya chakula bila kuongeza gharama ya maana, ilhali chai inayonywewa pamoja na mlo huzuia ufyonzaji huo na inafaa isubiri saa moja. Chumvi iwe yenye madini joto, na iongezwe mwishoni mwa mapishi.

Dagaa ni kitoweo kinachostahili nafasi ya kwanza katika bajeti ndogo, kwani takribani nusu ya uzito wa dagaa waliokaushwa vizuri ni protini, na kwa kuwa huliwa na mifupa yao humpa mlaji kalsiamu ambayo nyama inayo kidogo mno. Dagaa wa Mwanza, ambao Kenya huitwa omena na Uganda mukene, huwa na bei ya chini kuliko wa Kigoma, lakini wale waliokaushwa juu ya mchanga huja na mchanga, na kilo yenye mchanga si kilo. Mnunuzi awatikise mkononi kabla ya kulipa, awanuse, na awakatae wenye ukakasi wa mafuta yaliyovunda. Jikoni waoshwe kwa maji ya uvuguvugu mara kadhaa, wakaushwe kidogo, kisha wakaangwe kwa mafuta machache na kitunguu kabla ya nyanya na ndimu. Konzi moja iliyosagwa kuwa unga inaweza kuongezwa kwenye mchicha au kwenye chakula cha mtoto asiyependa kuwaona. Baada ya dagaa huja mifupa ya supu, utumbo, miguu ya kuku, vichwa vya samaki na, kwa wakazi wa Mwanza, mapanki, yaani mifupa ya sangara inayobaki viwandani baada ya minofu kuondolewa. Vyote hivi vinahitaji kununuliwa vikiwa vibichi kweli na kupikwa siku hiyo hiyo.

Mafuta hayapaswi kuondolewa kabisa, kwa kuwa ni nishati nyingi katika ujazo mdogo na vitamini A ya majani haifyonzwi vizuri bila mafuta, lakini yapimwe kwa kijiko na yasimiminwe kutoka kwenye chupa. Mawese mekundu yana faida ya ziada, ambayo hupotea pale mpishi anapoyachemsha mpaka yakawa meupe.

Uji

Asubuhi ya chai ya rangi yenye sukari nyingi na andazi moja ni ghali kwa kile inachotoa, na njaa hurudi kabla ya saa nne. Uji wa dona au wa ulezi uliotiwa karanga za kusaga humpeleka mtu mpaka mchana. Hakuna sababu ya kuchanganya nafaka saba na kuziita lishe. Nafaka moja na mkunde mmoja vinatosha, na soya au maharage yanayoingia kwenye unga wa uji yakaangwe kwanza. Kwa mtoto mdogo tatizo ni tumbo dogo, kwani uji mwepesi humjaza maji na uji mzito humshinda kumeza. Suluhisho la zamani ni kimea, yaani ulezi uliolowekwa, ukaachwa uchipue kwa siku 2 au 3, ukakaushwa, ukapurwa machipukizi na kusagwa. Kijiko kimoja cha unga huo kikikorogwa kwenye uji mzito uliopoa kidogo huufanya uwe mwepesi ndani ya dakika chache bila kupunguza nishati yake, kisha uji huo hurudishwa motoni uchemke tena.

Kiporo

Chakula kilichobaki ni fedha, ila ni fedha inayochacha. Kanuni kwa nyumba isiyo na jokofu ni kupika kinachokadiriwa kuisha, na kama kimebaki, kisiachwe katika uvuguvugu kwa zaidi ya saa 2 kabla ya kupozwa au kuchemshwa upya. Wali unahitaji uangalifu zaidi ya vyakula vingine, kwa sababu bakteria aitwaye Bacillus cereus huhimili mchemko wa kwanza, huzaliana wali unapokaa katika joto la chumba, na sumu anayoiacha haiondolewi kwa kupashwa moto asubuhi. Kiporo cha wali kilicholala usiku mzima katika joto la Dar es Salaam hakifai kupewa mtoto. Maharage huvumilia zaidi yakichemshwa kabisa jioni, yakaachwa yamefunikwa bila kuguswa na kijiko, na kuchemshwa tena asubuhi. Ugali uliolala hukatwa vipande na kuchomwa juu ya makaa yaliyobaki baada ya kuchemsha uji, na maharage ya jana yaliyopondwa kwa mwiko na kukaangwa na kitunguu hupakwa juu yake.